Samaki Walionyongwa

Kila asubuhi ya mwezi Machi, Tuva alianza siku yake kwa kufunga dirisha. Mama yake alikuwa akilifungua mapema ili chumba kipate hewa, na hewa ya kijiji cha Teistvik mwezi huo ilikuwa kitu ambacho Tuva hakutaka kabisa kiingie puani mwake. Ilinuka samaki. Chewa maelfu kwa maelfu walikuwa wakining'inia nje kwenye vichanja vya miti, wakikaushwa na upepo wa bahari tangu Februari hadi karibu na Juni. Visiwa vyote vya Lofoten vilinuka hivyo msimu huo, na watu walikula, wakalala na kuoana humo humo bila kujali.

Tuva alijali. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na pua yake, alivyopenda kusema Mama, ilikuwa imezaliwa mahali pengine. Njia ya kwenda shule ilipita katikati ya vichanja, kwa hiyo alijifunga skafu mpaka machoni, akainamisha kichwa na kutembea mbio akitazama viatu vyake tu. Shakwe walipiga kelele juu yake na kuangusha kinyesi popote walipotaka. Theluji ya pembeni mwa njia ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya juzi.

"Hujambo, bibi harusi!" Ingunn alimpigia kelele kutoka nyuma. Ingunn alikuwa binamu yake, binti wa shangazi Aslaug, na alimzidi Tuva mwaka mmoja. "Hiyo shela unaivua lini?"

"Nitaivua Juni. Usinisogelee, wewe. Una magamba kwenye nywele."

Ingunn alijipapasa, akalitoa gamba moja, akalitazama, kisha akalibandika kwenye mkono wa koti la Tuva.

"Kefule!" Tuva aliruka pembeni, akajipangusa kwa theluji mpaka vidole vikafa ganzi. Ingunn alicheka hadi akakaa chini.

Ingunn alikuwa mkata ndimi. Ndiyo kazi ya watoto wa Teistvik baada ya shule: kwenda kwenye banda la samaki, kuvaa aproni ya mpira, na kukata ndimi kwenye vichwa vya chewa vilivyokwisha kutengwa na miili. Ndimi ziliuzwa, pesa ikawa ya mtoto mwenyewe. Watoto wote walikata isipokuwa Tuva. Yeye alikwenda mara moja alipokuwa na miaka tisa, akaona pipa la vichwa vikimkodolea macho, akatapika mlangoni, na hakurudi tena.

Tuva alichora. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake, na hakuna aliyembishia. Tangu darasa la pili, kukitakiwa tangazo la sherehe au kadi ya Krismasi, jina lake ndilo lililotajwa. Lakini majira yale ya baridi kitu kilikuwa kimekauka. Alikaa mbele ya karatasi jioni nzima, akachonga penseli hadi ikabaki kipande, na karatasi ikabaki nyeupe.

Na hapo ndipo Mwalimu Haldis alipoleta habari. Jumba la sanaa la mjini lilitaka picha moja kutoka kila shule ya visiwani, picha inayoonyesha mahali mchoraji anapoishi. Mtoto ambaye picha yake ingechaguliwa na wenzake angekaa juma zima la Juni mjini pamoja na wachoraji wakubwa, akichora nao kutwa kucha.

Tuva alihisi moyo ukimdunda. Juma zima! Chumba safi, turubai safi, watu wasio na magamba kwenye nywele. Alilitaka juma lile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Lakini achore nini? Mahali anapoishi palimtia kichefuchefu.

"Sina kitu kichwani, shangazi," alimwambia Aslaug Jumamosi, karibu na kulia.

Shangazi Aslaug alikuwa mchoraji. Alikuwa dada mkubwa wa baba yake Tuva, mwanamke mrefu mwenye kucha zenye rangi isiyotoka, na picha zake zilitundikwa katika banda la zamani la mashua lililo chini ya nyumba yake. "Kichwani hakuna kitu kwa sababu hujakiingiza," alisema. "Vaa buti. Twende mjini."

Walikwenda kwa gari, na safari ya saa moja ikawa ya saa tatu, maana shangazi alisimama kila alipoona jambo. Alisimama kutazama wingu. Alisimama kutazama ng'ombe. Kwenye ufuo mmoja alishuka na daftari lake, akachuchumaa mbele ya lundo la mwani uliooza, na katikati ya mwani ule palikuwa na ndege aliyekufa, tumbo limepasuka na funza wanachezacheza ndani.

"Njoo uone rangi hii," shangazi aliita. "Zambarau! Nani angedhani?"

"Shangazi, tafadhali! Yule ameoza!"

"Ndiyo. Ndiyo maana ni zambarau."

Tuva alirudi garini, akafunga mlango, akapumulia ndani ya skafu. Alimpenda shangazi yake, lakini wakati mwingine alimwonea kinyaa kidogo, na siku hiyo alikataa kula mkate uliokatwa na mikono iliyomgusa yule ndege.

Katika jumba la sanaa mambo yalikuwa vile vile. Shangazi alikwama kwa nusu saa mbele ya picha ya kondoo aliyechunwa ngozi, akisogea na kurudi nyuma, akiguna, akichora mistari kwenye daftari. Tuva alimwacha na kondoo wake. Katika chumba cha mwisho alikuta picha iliyompokonya pumzi. Nyumba nyekundu kando ya maji, milima ya buluu, jua la dhahabu, na vichanja vya samaki ambavyo navyo viling'aa kama mapambo ya dukani. Kila kitu kilikuwa safi. Ungeweza kuilamba.

Mlangoni waliuza kadi za picha ile ile. Tuva alinunua moja kwa pesa yake ya chai, akaiingiza katika mfuko wa ndani wa koti, na hakumwonyesha shangazi. Wakati ule alijiambia kwamba anainunua kwa kuipenda tu.

Lakini Jumapili kadi ilikuwa mezani, imeegemezwa kwenye kikombe. Tuva alianza na milima. Mkono ulikwenda wenyewe, raha mustarehe, kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Aliongeza mashua moja na akaondoa nyumba moja, akajiambia kwamba sasa picha ni yake. Samaki kwenye vichanja aliwanakili mmoja mmoja kama walivyokuwa, kwa uangalifu mkubwa. Alipomaliza aliichana kadi vipande vipande na kuvitumbukiza jikoni, chini kabisa ya pipa la taka, chini ya maganda ya viazi na ngozi ya samaki. Ilimbidi aingize mkono mpaka kwenye kiwiko, na alipoutoa ulikuwa na ute. Aliuosha mara tatu.

Mwalimu Haldis alipoiona picha alishika mashavu. "Tuva! Hii ni kazi ya mtu mzima!" Mwalimu alikuwa mgeni aliyehamia Teistvik mwezi Agosti kutoka kusini, bara kabisa, kwenye misitu na mashamba ya shayiri. Darasa lilipiga kura kutoka kwenye madawati, picha ikiwa ubaoni na samaki wakionekana kama mistari tu, na Tuva akashinda kwa mbali. Akavimba kichwa siku mbili. Alianza hata kuwaambia wenzake jinsi mchoraji anavyopaswa kuishi, na kwamba msanii hawezi kufanya kazi kwenye uvundo. Ingunn alimtazama tu, akatikisa kichwa.

Kabla picha haijasafirishwa, Mwalimu Haldis aliitundika kwenye ukumbi wa kahawa wa banda la samaki, kijiji kizima kipate kuiona. Jumamosi adhuhuri ukumbi ulijaa. Wavuvi walikuwa wametoka baharini, buti zao zikidondosha maji na damu sakafuni, na Tuva alisimama kando ya picha yake amevaa sweta jipya, akipumua kwa mdomo.

Mzee Peder alikuja karibu. Alikuwa ametundika samaki kwenye vichanja vya Teistvik kwa miaka sitini. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Binti yangu," alisema, "hawa samaki wamekosa nini?"

"Wamekosa nini vipi, mzee?"

"Naona wamenyongwa."

Watu wakasogea. Mzee Peder akaweka kidole chake kinene kwenye picha. Samaki wa Tuva walikuwa na vichwa. Kila mmoja alikuwa amefungwa kamba shingoni, peke yake, kichwa juu na mkia chini, mdomo wazi.

"Lo! Kweli! Wamehukumiwa kifo hawa!" mvuvi mmoja alisema.

"Na kesi ilisikilizwa na nani?"

"Mwulizeni hakimu, si huyo hapo na sweta lake!"

Watu waliangua kicheko, na kahawa ikawapalia. Hakuna mtoto wa Lofoten asiyejua kwamba chewa hukatwa kichwa kwanza, kisha wawili wawili hufungwa pamoja mikiani na kutundikwa mikia juu. Vichwa hukaushwa mbali, vikiwa vimetungwa kwenye kamba kwa mafungu, na kupelekwa hadi Nigeria, ambako watu huvipikia mchuzi. Huyu hapa alikuwa amezaliwa kati ya vichanja, akapita chini yake kila siku ya Mungu kwenda na kurudi shuleni, na hajui samaki ananing'inia vipi.

Tuva alitamani sakafu ipasuke. Uso ulimwaka, masikio yakamwaka. Alimtafuta Ingunn kwa macho, akitumaini angalau yeye anacheka, maana kicheko cha Ingunn alikizoea. Ingunn hakuwa akicheka. Alikuwa akimtazama kwa namna ile ile ambayo Tuva alitazama pipa la vichwa.

Shangazi Aslaug alimshika bega. "Tutoke nje, mwanangu."

Nje kulikuwa na manyunyu ya mvua. Shangazi hakumgombeza. "Picha umechora vizuri," alisema. "Ulikuwa umesimama wapi?"

"Nilikuwa... hapa hapa kijijini."

"Sawa. Nipeleke. Nataka nisimame pale uliposimama."

Tuva akatangulia. Alimpeleka kwenye gati. Milima haikukaa vile. Alimpeleka nyuma ya duka, ambako maji hayakuonekana. Alimpeleka kwenye kilima cha kanisa, na kutoka huko jua lisingeweza kuangaza vile hata liombwe na askofu. Walizunguka hivyo wameloa, shangazi akimfuata pole pole, na kila waliposimama aliuliza tu, "Hapa?" Waliishia chini ya vichanja. Tone zito la maji lililopita kwenye mgongo wa samaki lilimdondokea Tuva shingoni, likateremka ndani ya sweta jipya.

"Sikusimama popote," Tuva alisema, na kilio kikamtoka. "Nilinakili kadi. Ile picha ya chumba cha mwisho. Niliichana nikaitupa ili usijue."

"Nilijua pale ndani, nilipoona wale walionyongwa. Nilimcheka mchoraji wake nikiwa peke yangu siku ile tulipokwenda. Mtu wa mbali, alipita hapa na gari wakati wa kiangazi." Shangazi alimpa leso. "Yeye ana udhuru. Wewe udhuru wako uko wapi?"

Usiku ule Mama alipika chewa na ini lake, na Tuva alishindwa kula, lakini safari hii hakuwa akimwonea kinyaa samaki. Alikumbuka jinsi alivyosimama kando ya picha akipokea pongezi, jinsi alivyoingiza mkono kwenye taka kuficha kadi, jinsi alivyowafundisha wenzake habari za usanii. Alijikirihi. Alitaka kujinawa na hakujua aanzie wapi.

Jumatatu alianzia kwa Mwalimu Haldis. Aliomba asimame mbele ya darasa, akasema yote. Mvulana wa nyuma aliguna, "Mwizi!" Mwalimu alimnyamazisha, lakini uso wake mwenyewe ulikuwa umeshuka.

"Picha hiyo haiendi," Mwalimu Haldis alisema. "Ijumaa tutapiga kura upya. Kila mtu alete kazi mpya, na wewe pia, ukitaka, kama mwanafunzi mwingine yeyote. Siwezi kukuahidi kwamba kuna atakayekupigia."

Saa tisa alasiri Tuva alisimama kwenye mlango wa banda la samaki na daftari chini ya kwapa. Ingunn alimwona, akampiga jicho kuanzia juu hadi chini.

"Umepotea njia?"

"Nataka kutazama."

"Hapa hatutazami. Hapa tunakata." Ingunn alimrushia aproni. Ilikuwa na maji maji na vitu vilivyoshikamana ambavyo Tuva hakutaka kuvijua. Aliivaa.

Juu ya meza palikuwa na chuma kirefu, kimesimama wima, kimechongoka. Ingunn alichukua kichwa kwenye pipa, akakichoma juu ya chuma, krap! Akapitisha kisu chini ya taya mara mbili, ulimi ukatoka, mnene na mweupe wenye utelezi, na kichwa kikaruka kwenye pipa la pili. Yote hayo kwa muda wa kupiga chafya. "Zamu yako."

Kichwa cha kwanza kilimteleza Tuva, kikamwangukia kifuani na kumwachia damu nyeusi. Cha pili alikichoma upande, jicho likatoka na kubiringika mezani. Alikimbilia mlangoni, akatapika. Watoto walishangilia. Alifuta mdomo, akarudi. Baada ya cha kumi aliacha kuhesabu, na baada ya saa moja, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine, alianza kuona.

Aliona kwamba matamvua, yale anayopumulia samaki, hayakuwa mekundu tu. Yalikuwa na rangi ya nyama, ya kutu, na karibu na mfupa yalikuwa na zambarau. Aliona jicho la samaki likifanya ukungu polepole, kama dirisha la jikoni maji yanapochemka. Aliona mikono ya binamu yake, imevimba na kupasuka kwa chumvi, haikosei hata mara moja. Na vyote vilikuwa vichafu, vinateleza, vinanuka! Kinyaa hakikumtoka. Aliosha vidole kwenye ndoo, akafungua daftari na kuchora na kinyaa chake hivyo hivyo.

Alirudi Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Alitoka nje kwenye mvua kutazama mafungu ya vichwa yaliyoning'inia, akasimama chini yake mpaka akajua kamba inapita wapi, kwenye taya na kutokea mdomoni. Mzee Peder alimkuta huko, akamwonyesha fundo, akaenda zake akinung'unika kwamba sasa huenda wale walionyongwa wakapewa rufaa.

Ijumaa Tuva alibandika picha yake ukutani, ya mwisho kwenye mstari. Hapakuwa na jua wala nyumba nyekundu. Palikuwa na fungu la vichwa chini ya mvua, midomo wazi, na chini yake mikono miwili iliyopasuka imeshika kisu, na pipa lenye maji ya damu, mazito, yenye povu. Kila kitu kilikuwa mahali pake, hata gamba moja lililoganda juu ya ukucha.

Mwalimu Haldis alipita mbele ya picha za wengine akitabasamu. Alipofika ya Tuva, mkono wake ulipanda wenyewe ukafunika pua. Kisha akagundua alichofanya, akautazama mkono ule kwa mshangao.

"Inanuka!" alisema mtoto mmoja.

"Inanuka kweli! Ebu sogea nione!"

"Hiyo ni mikono yangu," Ingunn alisema polepole. Alikuwa amesogea kuliko wote. "Hata kidonda changu umekiona." Kisha akageuka kwa darasa, akakunja uso. "Haya, nani hapigi kura?"

Waliompigia walikuwa kumi na mmoja kati ya kumi na wanne. Yule mvulana wa nyuma hakumpigia, na Tuva hakumlaumu.

Shangazi Aslaug alikuja jioni kuifunga picha kwa safari ya mjini. Mama alikuwa amekataa ikae jikoni hata usiku mmoja, akisema kwamba watu wanapaswa kula. Shangazi aliitazama kwa muda mrefu kabla ya kuifunika karatasi.

"Nikikupeleka kwenye jumba la sanaa," alisema, "nakupeleka ukaone jinsi wenzako walivyotazama. Nikisimamisha gari kwenye ufuo, nataka uzoee kutazama. Lakini kutazama kwenyewe, mwanangu, hakuna wa kukufanyia. Ukichukua macho ya mtu mwingine unachukua na makosa yake, halafu unasimama nayo mbele za watu ukisema ni yako. Uongo wa namna hiyo unachafua kuliko pipa lolote la vichwa, na hautoki kwa sabuni. Wewe umeutoa kwa kusema kweli na kufanya kazi."

Tuva aliitikia kwa kichwa. Alinusa vidole vyake, akakunja pua. "Lakini shangazi, mimi bado naona kinyaa. Kunanuka vibaya sana."

"Vibaya mno," shangazi alisema, akikaza kamba. "Nimeishi hapa miaka hamsini na mitatu, na kila Machi roho inanichafuka."